Tamasha la theluji Taebaek: nimeenda mara mbili, ya kwanza nusura nilie

Wakuu habari za baridi. Kuna watu kama wanne wameniuliza kuhusu hili tamasha la theluji la Taebaek baada ya kuona picha zangu, sasa badala ya kumtumia kila mtu voisi ya dakika nane nimeona niandike mara moja yaishe. Mimi nimeenda mara mbili, mwaka jana na mwaka huu, na kiukweli hizo safari mbili hazifanani hata kidogo. Ya kwanza naipa nyota mbili, na moja kati ya hizo ni ya supu tu. Ya pili nyota nne na nusu. Tamasha lile lile, mlima ule ule.

Kwa asiyejua, Taebaek ni kamji kadogo ka milimani huku Korea Kusini, mkoa wa Gangwon, kako juu sana kiasi kwamba hata kiangazi watu wanakuja kukimbia joto. Tamasha lipo tangu 1994, linafanyika mwishoni mwa Januari au Februari mwanzoni hivi, tarehe zinahama kila mwaka kwa hiyo angalia kwanza kabla hujakata tiketi. Sehemu kuu ni uwanja wa Danggol, pale kwenye lango la hifadhi ya taifa ya Taebaeksan. Kuingia sikulipa chochote mara zote mbili, hela inakutoka kwa vitu vya ndani, kuteleza, vinywaji, msosi.

Haya, safari ya kwanza. Nilienda na basi la utalii la siku moja kutoka Seoul, kampuni siitaji, niliona tangazo lao la bei chee nikajua nimelamba dume. Jumamosi hiyo. Tumeondoka saa moja asubuhi, foleni ya barabarani ikatushika, tumefika saa sita imepita, mwongozaji anashika maiki anasema jamani saa nane na nusu kila mtu awe ndani ya basi. Saa nane na nusu! Na hapo basi limepaki chini huko, kupandisha mpaka uwanjani kwa miguu ni dakika kama ishirini, toa na za kurudi, yaani unabakiwa na saa moja na ushee, na hiyo saa moja nusu yake nimeimalizia kwenye foleni ya kupiga picha na sanamu ambayo nilipofika mbele yake mtoto wa mtu alikuwa ameshajilaza miguuni pake analia hataki kutoka.

Ila kosa kubwa lilikuwa la kwangu. Nilivaa raba. Raba nyeupe za kawaida na soksi za pamba, tena nimevaa mbili mbili nikijiona mjanja. Juu nimejipanga haswa, jaketi refu lile la Kikorea linafika magotini, kofia, skafu, glavu, chini raba. Theluji ya pale uwanjani inakanyagwa na maelfu ya watu, inakuwa kama uji mzito wa baridi, inaingia juu ya kiatu inayeyuka humo ndani, soksi za pamba zinanyonya maji zinakaa nayo. Baada ya nusu saa vidole vya miguu vinauma kama vimebanwa na mlango. Baada ya dakika arobaini vikaacha kuuma, na hapo ndipo nilipoogopa. Simu nayo, chaji asilimia 34 ikazima ghafla kama imechomolewa. Nikaenda kwenye kibanda cha eomuk, vile vijiti vya samaki wa kusagwa kwenye mchuzi, nikashika kikombe cha mchuzi kwa mikono miwili nikasimama karibu na lile sufuria mvuke unipige usoni, yule mama muuzaji akanijazia tena bila kuniuliza wala kunidai. Hiyo ndiyo nyota niliyosema. Kwenye basi la kurudi nimevua viatu nimefunga miguu kwa skafu masaa manne, jirani yangu wa siti akijifanya hanioni.

Kwa hiyo mwaka huu rafiki yangu mmoja tunasoma naye alivyosema twende Taebaek nilimwambia sitaki hata kusikia. Akanibembeleza wiki nzima. Nikakubali kwa masharti matatu, hakuna basi la utalii, hakuna wikiendi, na tunalala huko huko.

Tumeenda Jumanne, chuo kilikuwa likizo ya baridi. Treni kutoka stesheni ya Cheongnyangni hapo Seoul, ile ya polepole, Mugunghwa, kama masaa matatu na nusu mpaka manne, nauli inacheza kwenye won 15,000. Mabasi ya kutoka stendi ya Dong Seoul yanawahi kidogo, ila mimi nakushauri treni na nakushauri ukae dirishani, maana ukishapita Yeongwol milima inaanza kukusogelea, na ukitoka Gohan unaingia kwenye handaki refu la kilomita nne na nusu, ukitokea upande wa pili unapita stesheni inaitwa Chujeon, iko mita 855 juu ya usawa wa bahari, inahesabika ndiyo stesheni iliyo juu kuliko zote Korea Kusini. Treni haisimami pale, ni sekunde kadhaa tu unaona kibao na theluji, chungulia haraka. Tumeingia handakini jua linawaka, tumetoka upande wa pili kila kitu cheupe, wazee wawili waliokuwa wanasinzia wakaamka wakaanza kuvaa kofia.

Taebaek stesheni ya treni na stendi ya basi ziko jirani kabisa, unavuka tu. Basi la kwenda Danggol unatumia ile ile kadi yako ya nauli, T-money, kama dakika ishirini na kitu. Weka ramani za Kikorea, Naver Map au KakaoMap, kwenye simu kabla hujatoka, usitegemee ramani uliyozoea nje ya Korea. Na simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, ibandike na kipakiti cha kupasha moto, hatpaek wanaviita, vinauzwa duka lolote la CU au GS25 kwa won elfu na kitu. Nunua vinne. Viwili vya mikononi, kimoja cha simu, na kimoja utampa mtu aliyedharau ushauri huu.

Sasa zile sanamu. Tulifika Danggol kama saa tatu na nusu ya asubuhi siku ya pili, Jumatano, watu hakuna kihivyo, nyuzi 13 chini ya sifuri, ukivuta pumzi unahisi vinyweleo vya puani vinagandana. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza nyuma ya mlima. Aisee. Zile sanamu kubwa, nyingine zinafika urefu wa nyumba ya ghorofa, asubuhi zina kivuli, ukisogea unaona alama za mapatasi, unaona mpaka mistari ya mbao. Maana hawarundiki theluji ikasimama yenyewe, wanatengeneza boksi kubwa la mbao, wanajaza theluji humo wanashindilia, wanaacha ikaze, wanabomoa mbao halafu wanachonga kuanzia juu kushuka chini ili vinavyodondoka visiharibu kilichokwisha. Mchana jua likishapiga mbele zinakuwa nyeupe tu, sura zinapotea, ndiyo maana mwaka jana niliona kama marundo ya chumvi.

Tulimkuta jamaa mmoja kwenye ngazi anatengeneza pua ya sanamu iliyomomonyoka. Ana ndoo ya theluji iliyolowa maji, anachota kwa mwiko, anabandika, analainisha na kiganja cha glavu, anarudi nyuma anaangalia, anabandika tena, yaani fundi anapiga lipu kabisa. Tumekaa tunamtazama robo saa nzima. Alipotuona akatuonyesha dole gumba tukacheka wote. Kuna pia sehemu ya sanamu ndogo za mashindano ya wanafunzi wa vyuo, wengi wanazipita haraka kwenda kwenye zile kubwa, usipite, mle ndiyo kuna vichekesho na ubunifu, zile kubwa nyingi ni vikatuni na majumba.

Jambo moja watu wanakasirika bure: theluji nyingi ya pale ni ya mashine. Mtu anaiona mashine inarusha theluji anasema tumeibiwa. Hapana. Januari huku Korea ni baridi kavu, ule upepo wa kutoka Siberia hauna maji, theluji nzito upande huu wa mashariki huja upepo ukigeuka ukatoka baharini mashariki, na huo haufuati ratiba ya tamasha. Bila mashine kuna miaka mngeenda kutazama matope.

Mgahawa wa iglu: nenda, piga picha, toka. Ukuta wa barafu, meza za barafu, taa za bluu, inapendeza, lakini unanunua kinywaji cha moto kwenye chumba kilichojengwa kwa friza, chokoleti yangu ilikuwa ya moto kwa dakika tatu. Na ukikaa kwenye kile kiti cha barafu zaidi ya hapo utainuka na alama.

Kuteleza sasa! Kuna mteremko wa maboya ya mpira kwa watoto, foleni, mlinzi na filimbi, sawa. Ila kilichonifurahisha ni kuteleza na mfuko wa mbolea. Sikutanii. Wakorea waliokulia vijijini zamani ndiyo walikuwa wanatelezea hivyo, mfuko wa plastiki wa mbolea unaujaza majani makavu unaukalia, sasa imekuwa kitu cha kumbukumbu. Unashika pembe mbili za mbele, unainua miguu, na ndiyo basi, hakuna breki, hakuna usukani, ni wewe na Mola wako. Mbele yangu alikuwepo babu mmoja wa miaka sabini na kitu, alishuka kama mshale, amenyoosha mgongo, hakuyumba hata kidogo, alipofika chini akakunja mfuko wake vizuri akampa mjukuu. Mimi niliondoka nimeangalia mbele nikafika nimeangalia nyuma. Tulirudia mara sita. Watu wazima wote mle wanapiga kelele kuliko watoto.

Chakula cha pale uwanjani ni cha kawaida ya matamasha, bei imepanda kidogo, kula vitu vya Gangwon kama keki za viazi zile za kukaanga na jeonbyeong ya ngano nyeusi iliyofungiwa kimchi ndani, ruka soseji za kwenye vijiti, hizo utazikuta popote. Ila usishibe, nitakwambia kwa nini.

Kabla ya chakula, makumbusho. Hapo hapo Danggol, hatua chache tu kutoka kwenye sanamu, kuna makumbusho ya makaa ya mawe, na watu karibu wote wanaipita. Mwaka jana na mimi niliipita, sikujua hata kama ipo. Mwaka huu tuliingia kujipasha moto tu, nasema ukweli, tukakaa karibu masaa mawili. Taebaek ni mji wa makaa ya mawe, ndiyo sababu ya kuwepo kwake. Ulipewa hadhi ya jiji mwaka 1981, miaka ya themanini mwishoni ulikuwa na watu kama 120,000, halafu kuanzia 1989 serikali ikaanza kufunga migodi mmoja mmoja, leo hawafiki 40,000. Mgodi mkubwa wa Jangseong, ulioanza 1936, umefungwa 2024, juzi tu hapo. Enzi za mgodi wenyeji walikuwa wanasema Taebaek hata mbwa anatembea na noti ya won 10,000 mdomoni. Chini ya makumbusho wametengeneza handaki la mfano, unapanda lifti inayojifanya inashuka mamia ya mita, ukitoka kuna masanamu ya wachimbaji, na sehemu moja kunatengenezwa ngurumo na mtikisiko kama dari linaporomoka. Rafiki yangu alinishika mkono mpaka glavu ikachomoka. Lakini kilichonikaa mimi ni kitu kidogo tu, kibati cha chakula cha mchimbaji, cha alumini, kimebonyea pembeni. Tumetoka nje tukaona yale makundi ya watu na taa na muziki na ile mitaa chini huko yenye maduka yaliyofungwa, ukaelewa kwa nini mji huu unahangaika hivi na theluji.

Na hapo ndipo chakula kinapoingia. Usiondoke Taebaek bila kula mul-dakgalbi. Dakgalbi, yaani kuku wa pilipili, ile inayojulikana ya mji wa Chuncheon ni kavu, inakaangwa kwenye chuma. Ya Taebaek ina mchuzi, sufuria pana katikati ya meza, vipande vya kuku, kabichi, mboga za majani zenye harufu kali, pilipili nyekundu, inachemka mbele yako. Wanasema ni ya wachimbaji, walitoka mgodini koo limejaa vumbi wakataka kitu cha kushushia. Mama mwenye duka, sisi tunamwita imo kama kila mtu anavyomwita, yaani mama mdogo, alitukataza kugusa kijiko mpaka aseme yeye. Unaanza na mboga, kisha kuku, unaongeza tambi za kuvutika, mchuzi unapungua unakuwa mzito, ukibaki kidogo imo anakuja na wali na mwani mkavu na mafuta ya ufuta anakaanga humo humo, anaubonyeza chini kwa mgongo wa kijiko mpaka ushike ukoko. Ule ukoko tuligombania. Kama won 10,000 kwa kichwa, kuanzia watu wawili, kwa hiyo ukienda peke yako tafuta mwenzako kwenye foleni ya mfuko wa mbolea. Wasiokula nguruwe hapa hamna wasiwasi na nyama maana ni kuku, ila kama unafuata halali kabisa uliza kwanza, miji midogo kama hii usitegemee.

Mlima wenyewe, kwa wenye nguvu: kilele kina mita 1,567, na kule juu kuna Cheonjedan, madhabahu ya mawe walikokuwa wanatambikia mbingu, na ile miti ya jumok wanayosema inaishi miaka elfu na ikifa inasimama elfu nyingine. Sisi tulipandia Danggol tukaishia Banjae, njiani tu, goti la mwenzangu likagoma, sioni aibu. Lakini hata mpaka hapo huendi bila aijen, vile vyuma vyenye meno vya kuvaa chini ya kiatu, njia yote ni barafu iliyokanyagwa mpaka ikang'aa. Na jiko usibebe, kupika hifadhini marufuku, pombe kileleni nayo marufuku tangu 2018. Wenyeji wanabeba chupa ya chai yenye maji ya moto na kikombe cha ramyeon, zile tambi za kumwagia maji ya moto, na takataka zote wanashuka nazo.

Viatu safari hii: buti za theluji zisizopitisha maji, soksi za sufu jozi moja tu, na nyingine kavu kwenye begi. Jozi moja. Ukibana mguu damu haitembei, baridi inaingia vile vile. Miguu yangu ilikuwa na joto siku nzima, nilikuwa namkumbusha mwenzangu kila nusu saa mpaka akaniomba ninyamaze.

Kwa nini sijatoa nyota tano? Malazi. Moteli tuliyolala, jina naliacha, bei ya kwenye simu ilikuwa nyingine na ya pale mapokezi ikawa nyingine, eti ni msimu wa tamasha, tukabishana kwa Kikorea chetu cha kuungaunga tukaishia kulipa won 20,000 zaidi. Chumba chenyewe sakafu inapashwa moto vizuri mno, tulitandaza soksi na glavu chini asubuhi zikawa kama zimetoka kwenye oveni, siwezi kusema hakikuwa kizuri. Ila ile tabia hapana. Piga picha ya bei uliyowekea oda.

Na tiketi ya kurudi kata ile ile siku unayokata ya kwenda. Sisi tulijifanya siku za kazi treni huwa tupu, tukakuta zimebaki za kusimama tu. Tumekaa chini kwenye uchochoro kati ya behewa na behewa mpaka Wonju, migongo ukutani, tunakula keki za viazi zilizopoa kwenye karatasi, buti zimekauka kabisa.